Jaketi linalopumua halipitishi upepo

Mvua zikikaribia, kuanzia Novemba hivi, wauza mitumba wa Mtwara mjini huyatoa majaketi ya mvua kwenye marobota na kuyatundika mbele. Siku hizi kila jaketi lina sifa ileile: "Chukua hili kaka, haliingizi maji na linapumua." Muuzaji hulifungua, huonyesha wavu mwembamba uliopo ndani au vitundu vilivyotobolewa kwapani, na huo ndio ushahidi wake. Mnunuzi naye anatafuta kitu cha kumfikisha kazini kwa baiskeli kutoka Naliendele au Mikindani bila kutota, kwa hiyo anakubali. Neno limerudiwa hivyo mpaka wengi wanaamini kwamba jaketi linalopumua ni jaketi linalopitisha hewa. Sivyo, na watu wanapoteza fedha kwa kuamini hivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Jaketi lisiloingiza maji ni lile ambalo kitambaa, mishono na zipu zake huyazuia maji ya mvua yasipenye kutoka nje. Jaketi linalopumua ni lile ambalo kitambaa chake huuachia mvuke wa jasho utoke ndani kwenda nje. Maji yabaki nje, mvuke uondoke. Upepo haumo katika maana hizo mbili, na jaketi zuri la kupumua huuzuia upepo kabisa au karibu kabisa.

Kwa nini ilibidi sifa hizi mbili zitajwe pamoja? Kwa sababu kwa muda mrefu ukiipata moja uliikosa nyingine. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow huko Scotland, alipata hataza ya kitambaa kisichoingiza maji. Aliulainisha mpira kwa nafta mpaka ukawa rojo, akaupaka katikati ya vitambaa viwili na kuvibananisha. Mvua haikupita, ila jasho nalo halikuwa na pa kutokea. Koti la mpira au la plastiki analovaa dereva wa bodaboda hapa kwetu linafuata kanuni hiyohiyo hadi leo, na kwake linafaa, maana amekaa tu na kazi inafanywa na injini. Anayepiga pedeli kazi anaifanya mwenyewe. Takriban robo tatu ya nguvu anayoitumia mwili wake huigeuza kuwa joto, na joto hilo mwili hulitoa kwa jasho. Mvalishe koti la mpira, na akifika Shangani atakuwa amelowa kwa jasho lake mwenyewe.

Ufumbuzi ulianza kuonekana mwaka 1969, pale Robert Gore wa Marekani alipoivuta kwa ghafla fimbo iliyopashwa moto ya ile plastiki tunayoijua kwenye vikaango kwa jina la Teflon, iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938. Badala ya kukatika, ilitanuka ikawa na vinyweleo visivyohesabika. Utando uliotokana nayo ndio ulioingia kwenye majaketi ya Gore-Tex katika miaka ya 1970. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kila kinyweleo ni kidogo kuliko tone la maji mara 20,000, na ni kikubwa kuliko molekuli ya mvuke mara 700. Tone linazuiwa, mvuke unapita.

Mtu akisikia habari ya vinyweleo anaweza kusema: basi matundu yapo, wauzaji wana haki. Lakini upo utando wa aina nyingine, wa plastiki iitwayo poliyurethani, usio na tundu hata moja, na majaketi mengi ya bei ya kati yametengenezwa kwa utando huo. Molekuli za maji hunata upande wa ndani, zikajipenyeza ndani ya utando wenyewe, moja baada ya nyingine, hadi zikatokea upande wa pili. Weka mdomo upulize kwa nguvu zako zote, hakitoki kitu, na bado jaketi hilo linapumua. Kwa hiyo muuzaji anayepuliza kitambaa ili kuthibitisha kwamba kinapumua anapima jambo jingine kabisa. Pumzi yake ikipita kirahisi, yaelekea ni kitambaa cha kawaida, na mvua ya nusu saa itapita pia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halisemwi kabisa huku kwetu, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mvuke hautoki wenyewe kwa kuwa jaketi ni zuri. Unasukumwa. Hutoka penye mvuke mwingi kwenda penye mvuke mchache, na tofauti hiyo ikiwa ndogo, hata utando wa bei mbaya hufanya kazi kwa uvivu. Tuifanye kwa hesabu. Karibu na ngozi yenye jasho, kwenye nyuzijoto 35, hewa iliyoshiba mvuke ina mgandamizo wa mvuke wa takriban kilopaskali 5.6. Mwendesha baiskeli wa London, asubuhi ya baridi ya nyuzijoto 5 na unyevu wa asilimia 90, ana takriban 0.8 tu nje ya jaketi lake. Tofauti ni 4.8, na mvuke wake unasukumwa kwa nguvu hiyo. Mwenzake wa Mtwara, mvua ya Januari, nyuzijoto 27 na unyevu uleule wa asilimia 90, ana takriban 3.2 nje. Tofauti inabaki 2.4. Jaketi ni lilelile, lebo ni ileile, lakini nguvu ya kuusukuma mvuke imepungua kwa nusu.

Hata maabara haifanani na barabara ya Mikindani. Kipimo kimoja cha kupumua kinachotumika sana, ISO 11092, hufanywa kwa kibao chenye joto la nyuzijoto 35 kinachotoa mvuke kama ngozi, katika hewa yenye unyevu wa asilimia 40. Asilimia 40! Fukuto la Mtwara wakati wa mvua halishuki hapo. Majaketi mengi tunayoyapata yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, yakasifiwa na watu wa nchi za baridi, na sifa zao ni za kweli huko waliko. Watu wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, kwenye ubaridi na ukungu wa asubuhi za Julai, watayafaidi kuliko sisi wa pwani.

Namba za kwenye lebo nazo zinahitaji maelezo. Ile ya maji huandikwa kwa milimita: 5,000, 10,000, 20,000. Maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kiliweza kuihimili kabla hakijapenyeza. Milimita 10,000 ni safu ya mita 10, na kwa safari ya kwenda kazini inatosha, hata kama mikanda ya begi inakandamiza mabega. Sioni sababu ya kulipia 20,000 mtu asiyetoka nje ya manispaa. Siku za mvua kama ile iliyokuja na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, ikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, hakuna jaketi la kujadili. Baiskeli inabaki nyumbani.

Namba ya kupumua huandikwa kwa gramu: ni gramu ngapi za mvuke zinapita katika mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu 10,000 inaonekana nyingi mno. Igawe kwa 24: ni kama gramu 417 kwa saa. Mtu anayepiga pedeli kwa bidii kwenye joto anaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa, yaani gramu 1,000 hivi. Hata jaketi la 20,000 linaishia kwenye gramu 833 kwa saa kwa kila mita ya mraba, tena katika hali ya maabara. Isitoshe, viwanda havipimi kwa njia moja. Kuna njia kadhaa, na namba ya njia hii haiwezi kulinganishwa na namba ya njia ile. Majaketi mengine yana kipimo kinachoitwa RET, yaani kiasi ambacho kitambaa kinaukinza mvuke, na hicho huenda kinyume: kikiwa kidogo ndiyo vizuri. Chini ya 6 ni bora sana, juu ya 20 jaketi linapumua kwa taabu.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu wa Mtwara au Lindi anunue nini, siangalii gramu kwanza. Naangalia milango. Zipu ndefu za kwapani zinazofunguka, mgongo wenye mwanya uliofunikwa na kipande cha kitambaa juu yake, mikono yenye vifungo vya kulegeza, zipu ya mbele inayofunguka kutoka juu na kutoka chini. Hapo ndipo upepo unapoingia na fukuto linapotoka, na hapo kweli hewa inapita. Ila huko ni kupitisha hewa, na ni sifa nyingine yenye thamani yake. Vile vitundu vya kwapani ambavyo muuzaji anavionyesha vinasaidia sana pwani yetu, pengine kuliko utando wenyewe. Ubaya ni pale kitambaa cha kawaida kinapopewa cheo cha utando kwa sababu ya vitundu hivyo, na bei ikapanda.

Mengine yapo ya kutazama. Mgongo wa jaketi uwe mrefu kufunika kiuno ukiwa umeinama, maana gurudumu la nyuma lisilo na madigadi hurusha matope yote hapo. Mikono iwe mirefu pia. Rangi iwe ya kuonekana, kwani bajaji na malori kwenye mvua hawakuoni mapema. Uking'ang'ania poncho, lile vazi la mvua lisilo na mikono, kwa sababu ni pana na hewa inapita chini, jua kwamba upepo wa baharini huigeuza tanga, na ncha zake zinaweza kuingia kwenye spoku.

Kwenye mitumba, ligeuze jaketi ndani nje kabla hujauliza bei. Mishono yote iwe imebandikwa utepe, na utepe uwe haujabanduka. Mshono ni mstari wa matundu ya sindano, na jaketi lisilo na utepe haliwezi kuitwa lisiloingiza maji hata kitambaa kiwe bora namna gani. Kisha pitisha kiganja ndani. Ukikuta panang'ang'ania mkono au panabanduka vipande vyeupe kama magamba, poliyurethani imeoza. Joto na unyevu huioza taratibu hata jaketi likiwa limekunjwa tu kwenye robota, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Limebaki neno moja linalotumika vibaya kila msimu, nalo ni "kuvuja". Jaketi jipya, matone yakilidondokea, huviringika na kuanguka kama juu ya jani la gimbi. Hiyo ni kazi ya dawa iliyopakwa juu ya kitambaa cha nje, wala si ya utando. Dawa hiyo huisha kwa kusuguliwa, kwa vumbi, kwa sabuni isiyosuuzwa ikatakata, na kwa mafuta tunayojipaka shingoni na mikononi. Ikiisha, kitambaa cha nje hunywa maji na kuwa kizito na baridi. Utando ulio chini yake bado unaizuia mvua, lakini mvuke haupati pa kutokea kwa urahisi, hivyo hugeuka matone ndani. Mwenye jaketi anavua, anakuta mgongo umelowa, anasema limevuja.

Ndugu yangu uliyefikia hapo, usilitupe bado. Geuza mkono mmoja wa jaketi ndani nje, ufunge mwisho wake kwa kamba, mimina maji mle, kisha utundike robo saa. Ukiona matone yanatokeza kwenye mshono, kweli linavuja, na mshono huo unahitaji utepe au gundi yake. Ukikuta pamekauka, halivuji: maji yaliyokuwa mgongoni yalitoka mwilini mwako. Lifue kwa sabuni ya maji kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo, lisuuze mpaka povu liishe, lianike kivulini. Lebo yake ikiruhusu, pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine chembamba, kwa sababu joto huiamsha dawa ya nje iliyosalia. Kisha siku ya mvua livae na zipu za kwapani uziache wazi.