Picha za Thomas Demand: si ofisi halisi, wala si kompyuta

Wengi wakiiona Büro (1995), picha ya Thomas Demand, hudhani aliingia na kamera katika ofisi iliyovurugwa. Wengine husema ni kazi ya kompyuta. Si hivyo wala si vile. Msanii huyu Mjerumani alisomea uchongaji. Meza, rafu na mafaili yote aliyajenga kwa karatasi na kadibodi, kwa ukubwa wake halisi, akifuata picha ya habari: ofisi za Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, zilizovamiwa na wananchi mjini Berlin Januari 1990. Akishapiga picha, kwa kawaida hubomoa kila kitu.

Tazama makaratasi yaliyotapakaa: hayana hata herufi moja! Hapo ndipo jicho linaposhtuka. Ndivyo ilivyo pia Kontrollraum (2011), chumba cha kuongozea mitambo ya nyuklia ya Fukushima, Japani, baada ya tsunami. Vipande vya dari vinaning'inia, lakini mitambo ya ukutani haina maandishi.

Wapo wanaoziita picha hizi udanganyifu. Naona wanamwonea, maana kingo za karatasi hakuzificha. Ukisogea karibu unaziona.