Mrija Ulio Wazi Unaweza Kuwa Mgonjwa

Wengi wanaokuja kliniki kwa kukosa mimba huniwekea mezani picha za HSG, ile eksirei inayopigwa huku dawa ikipitishwa kizazini, na swali lao ni moja: "Daktari, mirija imeziba au haijaziba?" HSG huonyesha njia tu. Dawa ikimwagika upande wa pili, ripoti huandikwa kwamba mirija iko wazi. Kuhusu seli zilizotandikwa ndani ya mrija haisemi kitu, na hizo ndizo zenye kazi.

Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Ndani una mikunjo mingi, na juu ya mikunjo hiyo kuna seli za aina mbili kuu. Moja ina silia, vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyoinama kwa mawimbi kuelekea kizazini kama mpunga unaopigwa na upepo. Nyingine hutoa majimaji yanayolisha mbegu, yai na mimba changa. Yai halina mkia wa kuogelea. Hubebwa na silia hizo pamoja na mikazo ya misuli ya mrija, na likisharutubishwa humo hukaa siku 3 hadi 4 kabla ya kuingia kizazini.

Sasa tazama kisonono kinavyofanya. Bakteria wake huvamia seli zisizo na silia, lakini zinazokufa na kung'oka ni jirani zake, zile zenye silia. Zinauawa na sumu inayotoka kwenye ganda la bakteria na kemikali ambazo mwili wenyewe unamwaga ukijihami. Miaka yote hii bado jambo hili hunishangaza. Klamidia, bakteria mwingine wa magonjwa ya zinaa, ni mkimya zaidi: huzaliana ndani ya seli, na wanawake wengi hawahisi chochote. Wanaohisi maumivu chini ya kitovu mara nyingi huambiwa ni "UTI sugu", wanapewa vidonge, wanarudi kwa mwenza ambaye hajatibiwa, na maambukizi yanaanza upya.

Kurudiarudia huko ndiko kunakoumiza. Huko Lund, Sweden, Lars Weström na wenzake walifuatilia wanawake waliougua PID, yaani maambukizi yaliyopanda hadi kizazini na kwenye mirija. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1992, asilimia 8 ya waliougua mara moja walikosa uwezo wa kushika mimba kwa sababu ya mirija. Mara mbili, karibu asilimia 20. Mara tatu au zaidi, asilimia 40. Kifua kikuu cha viungo vya uzazi nacho hupenda mirija, na kwetu hatupaswi kukisahau.

Kovu likishika, mikunjo hugandana na kuacha vijifuko ambamo mimba inaweza kunasa. Ncha ya mrija ikijifunga, maji hujaa ndani. Maji hayo yakivujia kizazini hupunguza sana nafasi ya kufanikiwa kwa IVF, ambapo yai hurutubishwa maabara kisha mimba changa huwekwa moja kwa moja kizazini, ndiyo maana tunashauri mrija wa namna hiyo uondolewe au ufungwe kwanza. Mgonjwa hushtuka: anatafuta mtoto, nami namwambia tukate mrija! Lakini IVF haipiti mrijani kabisa. Lesley Brown, mama wa mtoto wa kwanza wa IVF aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, mirija yake ilikuwa imeziba.

Zile dawa za "kuzibua na kusafisha mirija" zinazouzwa mitandaoni zinachukulia kovu kama uchafu. Kovu halisafishwi. Hata mimi kwa upasuaji naweza kufungua ncha iliyojifunga, ila siwezi kupanda silia zilizokwisha. Mikunjo ikiwa imeharibika sana, kufungua ni kumpotezea mtu muda, hasa akiwa amekaribia miaka 40.

Na kama umewahi kuugua PID, HSG ikasema mirija iko wazi, kisha ukashika mimba, usisubiri miezi mitatu ndipo uanze kliniki. Nenda ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7 tuone mimba imekaa wapi. Ukipata maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu au damu kabla ya hapo, nenda hospitali siku hiyohiyo.