Kwa Nini Wakubwa wa Dunia Hukutana Davos Kila Januari?

Januari ikifika katikati, jina la Davos halikosi kwenye taarifa ya habari. Marais, mawaziri wa fedha, wenye mabenki na matajiri wa kampuni za teknolojia hupanda milima ya Uswisi kwenda kwenye Jukwaa la Uchumi Duniani, na viongozi wetu wa Afrika huwa miongoni mwao. Anayeijua ramani ya nchi hiyo lazima ajiulize. Kuna Geneva, kuna Zurich, miji yenye viwanja vikubwa vya ndege na hoteli za kila aina. Iweje watu wote hao wajazane kwenye mji wa wakazi 11,000 hivi, mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, tena katika mwezi wa baridi kali kuliko yote?

Jibu fupi ni kifua kikuu. Jibu refu ndilo tamu zaidi.

Davos iko mashariki mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden, kwenye bonde la mto Landwasser. Milima imelizunguka bonde hilo ikalikinga na pepo za kaskazini. Hewa yake ni kavu, ukungu haukai, na hata wakati wa theluji jua hutoka na kuwaka vizuri. Mwishoni mwa karne ya 13 walihamia huko watu wa milimani wanaozungumza Kijerumani, waitwao Wawalser. Makabaila wa Vaz, waliokuwa wakilimiliki bonde, waliwapa ardhi kwa hati ya mwaka 1289, nao wakaishi kwa ng'ombe, jibini na nyasi. Kiangazi walipandisha mifugo kwenye malisho ya juu na kukata nyasi za akiba, kisha miezi yote ya baridi wakaitumia akiba hiyo kulisha zizini. Nyumba zilijengwa mbalimbali, kila familia na shamba lake.

Adui mkubwa alikuwa theluji yenyewe, inapomeguka juu na kuporomoka na kila kilicho njiani. Ukitaka kuona jinsi walivyoishi na hofu hiyo, nenda kwenye kanisa la Frauenkirch, chini kidogo ya mji. Ukuta wake wa nyuma, ule unaoelekea mlimani, haukujengwa bapa. Una ncha kama omo la jahazi, ili maporomoko yakija yapasuke mara mbili na kupita kando. Kanisa limejengwa likiusubiri mlima uanguke!

Mahali pa namna hiyo hapakuwa na sababu ya kujulikana na ulimwengu. Mambo yaligeuka mwaka 1853, alipofika daktari kijana aitwaye Alexander Spengler. Alikuwa Mjerumani aliyeshiriki mapinduzi ya 1848 na 1849, na yaliposhindwa akakimbilia Uswisi, akasomea udaktari Zurich na kupewa kazi ya kuwatibu wakazi wa bonde hili. Baada ya miaka kadhaa akagundua jambo la ajabu: miongoni mwa wenyeji hakuwa akikuta kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukifyeka watu katika miji ya Ulaya.

Wakati huo imani ya matabibu wengi ilikuwa kwamba mgonjwa wa kifua apelekwe kwenye joto, pwani ya Mediterania ikiwezekana. Kumpeleka kwenye baridi ya milimani kulionekana sawa na kumchimbia kaburi. Lakini Februari 1865 Wajerumani wawili wagonjwa, daktari Friedrich Unger na muuza vitabu Hugo Richter, walifika Davos kwa sleji ya farasi, gari lisilo na magurudumu linaloburutwa juu ya theluji. Wote wawili walipata nafuu, na wote wawili wakabaki kuishi huko. Tangazo gani la biashara lingeshinda hilo?

Miaka miwili baadaye akaja Mholanzi, Willem Jan Holsboer, akimleta mkewe mgonjwa. Mke hakupona. Holsboer naye hakuondoka, na mwaka 1868 alishirikiana na Spengler kufungua jengo la kulaza wagonjwa. Kisha akahangaikia reli, kwa kuwa safari ya gari la farasi ilikuwa ikiwamaliza wagonjwa kabla hawajamwona daktari. Treni ya kwanza ilifika Davos mwaka 1890, na njia hiyo ndiyo chanzo cha Rhätische Bahn, yale magarimoshi mekundu yanayopendwa sana na watalii hadi leo. Kufa kufaana, ila huyu mtu aliyemzika mkewe na kuhangaikia reli ya wagonjwa wengine siwezi kumhesabu kuwa mfanyabiashara mtupu.

Tiba yenyewe ilikuwa kulala. Chumba kilielekea kusini, mbele yake roshani, na kwenye roshani kiti kirefu cha mbao chenye godoro. Mgonjwa alijilaza hapo saa nyingi kila siku, kajifunga mablanketi na manyoya hadi kidevuni, hata maji yakiwa yanaganda. Alipimwa joto mara kwa mara, akalishwa sana, maziwa kwa wingi. Alipoondoka kutembea, mfukoni alibeba chupa ndogo ya kioo cha buluu yenye kifuniko. Ilikuwa ya kutemea makohozi. Robert Koch alikuwa ameonyesha mwaka 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria, na kutema ovyo kukawa ni kuwaua wenzako. Wagonjwa waliipachika chupa hiyo jina la utani, Heinrich wa Buluu.

Je, hewa ya mlimani iliponya kweli? Peke yake, hapana, haiui bakteria wa kifua kikuu. Kilichosaidia ni mapumziko, chakula cha kutosha na kuondolewa kwenye vyumba vya mjini vyenye msongamano na unyevu, mwili ukapata nguvu ya kupigana. Wengi walipata nafuu, wengi vilevile walizikwa bondeni. Hata hivyo imani hiyo ilisafiri dunia nzima, na ikafika kwetu: hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu. Hadi leo ni miongoni mwa hospitali zinazotegemewa Tanzania kwa ugonjwa huo.

Turudi Davos. Ukishakuwa na maelfu ya watu waliolala wakisubiri, unahitaji vya kuwashughulisha. Wagonjwa wenye uwezo walikuja na jamaa zao wazima, na wazima hao wakaanza kuteleza kwa sleji, kucheza kwenye barafu, baadaye kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Mwaka 1934 mtambo wa kwanza wa aina yake wa kuwavuta watelezaji kupanda mteremko ulifunguliwa hapo, kwenye mlima wa Bolgen. Wengine walileta elimu. Mjerumani Carl Dorno, aliyehamia kwa ajili ya binti yake mgonjwa, aliamua kulichunguza jua linalosifiwa kuwa dawa, na mwaka 1907 akaanzisha kituo cha kupima mionzi yake. Kituo hicho bado kipo, na vipimo vya mionzi ya jua duniani husawazishwa kwa kulinganishwa na vyake.

Hapa ndipo penye kiungo ambacho wengi hukiruka. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wanafunzi wa vyuo vikuu waliokatishwa masomo. Kwa ajili yao yakaandaliwa masomo maalumu ya Davos, wahadhiri wakawafuata mlimani. Mwaka 1928, masomo hayo yalipoanza, mmoja wa waliohutubia alikuwa Albert Einstein. Kwa hiyo kupandisha watu mashuhuri mlimani ili wazungumze mbele ya hadhira si jambo lililoanza na mabilionea.

Kisha ikaja dawa. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, zikafuata nyingine, na katika miaka ya 1950 mgonjwa wa kifua kikuu hakuhitaji tena kulala mwaka mzima kwenye roshani. Kwa wanadamu ilikuwa neema. Kwa Davos ilikuwa msiba wa kiuchumi: vitanda vilibaki vitupu, wapishi na wahudumu wakakosa wa kumhudumia. Majengo mengi yakageuzwa hoteli, likiwamo Schatzalp, lile la mwaka 1900 lililo mita 300 juu ya mji, ambalo roshani zake bado zinatazama jua. Mji ukaweka matumaini yake kwenye skii na kwenye mikutano, na mwaka 1969 ukafungua ukumbi mkubwa wa kisasa.

Klaus Schwab, profesa aliyekuwa akifundisha Geneva, alikuwa akitafuta mahali pa kuwakutanisha wakuu wa kampuni za Ulaya. Davos ikampa ukumbi mpya, vyumba tele na reli. Mkutano wa kwanza ulifanyika mwaka 1971. Jina la Jukwaa la Uchumi Duniani lilikuja mwaka 1987. Mwaka 1992 Nelson Mandela na F. W. de Klerk, rais wa Afrika Kusini wa wakati huo, walipanda pamoja kwenye jukwaa hilo, ubaguzi wa rangi ukiwa bado haujazikwa rasmi Afrika Kusini.

Na Januari je? Hiyo ni hesabu ya mwenye hoteli. Wageni wa Krismasi na mwaka mpya wameshaondoka, likizo za shule za Februari hazijafika, vyumba viko wazi. Mkutano unaojaza pengo hilo ni wa kupokewa kwa mikono miwili.

Wenyeji wana maoni tofauti kuuhusu. Serikali huruhusu hadi wanajeshi 5,000 kusaidia ulinzi, barabara hufungwa, na kwenye barabara kuu ya Promenade wenye maduka huondoa bidhaa zao na kuikodisha nafasi kwa kampuni kubwa. Wapo wanaokodisha nyumba na kuhama wiki nzima. Kodi ya siku hizo chache ni nono kiasi kwamba anayelalamikia foleni asubuhi anaweza kuwa ndiye aliyesaini mkataba jana. Mkutano ukimalizika, buti na skii hurudishwa madirishani haraka, maana wageni wa Februari, wazazi na watoto wao, wako njiani.