Msimamizi wa jengo, anzia kwenye ngazi

Kwenye ghorofa ambalo kila fleti ina mwenyewe, kwenye kinga ya moto sehemu za pamoja ndizo husahaulika: ngazi, korido, chumba cha mita, chumba cha pampu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo kwa mujibu wa Sura ya 427 ya sheria za Tanzania, lakini cheti kinaeleza hali ya jengo siku mkaguzi alipopita. Siku nyingine zote ni juu yako.

Kama bajeti ni ndogo, anza na milango ya ngazi kabla ya kuongeza mitungi ya kuzimia moto. Moshi huua watu ambao moto wenyewe haujawafikia, na ngazi iliyo wazi huupandisha juu kama bomba. Fungua mlango nusu, uuachie. Unatakiwa ujifunge wenyewe mpaka ulimi wa kitasa uingie. Ukibaki na upenyo, ama mkono wa chuma unaouvuta mlango ujifunge umelegea, ama mlango unasugua sakafu. Ukikuta umezuiwa kwa tofali, ondoa tofali, kisha uliza nani aliliweka na kwa nini. Mara nyingi ni joto, au lifti mbovu na watu wanapandisha ndoo za maji. Sababu isipoondolewa, kesho tofali limerudi. Mlango wa chini wa kutokea nao ufunguke kwa ndani bila ufunguo, hata usiku mlinzi akihofia wezi.

Chumba cha mita si stoo. Toa rangi, maboksi na magodoro leo.

Kwa mitungi, usiridhike na mshale ulio kwenye kijani. Hausemi kama poda ndani imegandamana. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna geji kabisa, hupimwa kwa mizani: ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake, ujazwe upya.

Pampu ya maji ya kuzimia moto ndiyo hutuumiza kichwa zaidi. Mpira wa kuzimia moto ukivuja, presha hushuka, pampu huwaka mara kwa mara, wakaazi hulalamikia kelele, na mtu huizima swichi. Hakuna anayekumbuka kuirudisha. Kila wiki hakikisha swichi iko kwenye "auto", na betri ya pampu ya dizeli ina chaji. Kila mwezi fungua mpira wa ghorofa ya juu kabisa: pampu iwake bila kuguswa. Na tangi je? Kama ni moja kwa matumizi yote, bomba la maji ya nyumbani litokee juu ya kiwango cha akiba ya moto, la sivyo wakati wa mgao akiba yote itaishia kwenye kufua.

Mlinzi abandikiwe ukutani namba 114 pamoja na jina la mtaa, alama ya karibu inayojulikana, na geti ambalo gari la zimamoto linaweza kupita.