Mashine ya Kukunja Mabomba kwa Mkono Ikifungwa Silinda ya Haidroli: Wajibu wa Aliyeibadilisha

Maswali na malalamiko kuhusu mashine za mkono za kukunja mabomba zilizofungwa mota na pampu karakanani yamekuwa mengi kiasi cha kutulazimu kutoa ufafanuzi huu. Tunafahamu kwamba mafundi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Mpini unachosha, na anayekunja mabomba ya fremu kutwa nzima ana sababu ya kutaka mafuta yasukume badala ya mabega yake. Hatuzuii badiliko hilo. Tunachotaka kieleweke ni kwamba fundi anapoondoa mpini na kufunga silinda ya haidroli, yaani ile inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, ameunda mashine nyingine, na yeye ndiye mtengenezaji wake.

Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1963 kuhusu ukingaji wa mitambo, unazihesabu mashine zote zinazoendeshwa kwa nguvu isiyo ya mkono, ziwe mpya au zilizokwisha kutumika, kuwa chini ya masharti yake, ilhali zile za mkono unaiachia mamlaka ya kila nchi iamue kama zina hatari na zidhibitiwe kwa kiasi gani. Siku silinda inapofungwa, mashine imevuka mpaka huo. Umoja wa Ulaya umelieleza jambo hili kwa upana zaidi katika Kanuni ya Mitambo 2023/1230, inayoanza kutumika rasmi tarehe 20 Januari 2027, ambayo inamtwika wajibu wa mtengenezaji yule anayefanya badiliko kubwa lisilotarajiwa na mtengenezaji wa awali, linaloleta hatari mpya au kuongeza iliyokuwapo kiasi cha kuhitaji kinga za ziada. Kwa hiyo utetezi tunaousikia mara kwa mara, kwamba mashine ilikuwa halali iliponunuliwa, haujibu swali linaloulizwa.

Tuchukue hesabu. Mtu anayesukuma kwa nguvu ya newtoni 500 mwishoni mwa mpini wa mita 1.5 anazalisha msokoto wa newtoni-mita 750. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 75, ikipewa mafuta kwa shinikizo la bar 200, inasukuma kwa takriban kilonewtoni 88, yaani karibu tani 9. Ikishikishwa kwenye mkono wa mashine sentimita 20 kutoka kwenye ekseli, kwa pembe mraba, msokoto unafika takriban newtoni-mita 17,600, ambao ni zaidi ya mara 23 ya ule wa mpini. Pini, bamba za fremu na boliti zilikadiriwa kwa mpini. Tena mpini wenyewe ulikuwa kinga, kwa sababu bomba lilipokwama misuli ilishindwa kabla ya chuma. Pampu haina hisia hiyo: itasukuma mpaka vali ya usalama, inayoachia mafuta shinikizo linapozidi, ifunguke au kitu kivunjike, na pini inayokatika chini ya mzigo huo huruka.

Vali hiyo basi haipaswi kuachwa kama ilivyokuja na pampu. Ikiwa kazi nzito kuliko zote inahitaji newtoni-mita 5,000, silinda tuliyoitaja inahitaji bar 57 tu. Vali irekebishwe kwa kutazama geji ya shinikizo, juu kidogo ya kiwango hicho, kisha ifungwe kwa lakiri (muhuri) ili asiyehusika asiichezee. Hata hivyo newtoni-mita 5,000 bado ni zaidi ya mara 6 ya kazi ya mpini, na fremu lazima ikokotolewe upya. Wanaochomelea jeki ya gari moja kwa moja kwenye fremu wanadhoofisha chombo kilichoundwa kuinua kikiwa wima, na kwa kweli hatuoni tulijadili vipi zaidi ya kusema wasifanye.

Dhana nyingine inayotuchosha ni kwamba mashine inayokwenda polepole haidhuru. Kalibu (umbo la chuma ambalo bomba hukunjwa juu yake) inayojizungusha taratibu hubana kidole sawasawa na inayokwenda kasi. Katika mashine za kukunja bati, mwendo usiozidi milimita 10 kwa sekunde hukubalika kuwa sehemu ya kinga pale tu unapoambatana na kidhibiti cha kushikilia, yaani mashine hutembea wakati swichi imebonyezwa na husimama mara inapoachiwa. Kanyagio liwe na kifuniko ili lisikanyagwe kwa bahati mbaya. Umeme ukikatika na kurudi, mota isijiwashe. Kitufe cha dharura kiwe chekundu juu ya mandhari ya njano, kibaki kimebonyea hadi kiachiliwe kwa makusudi, na kisitumike kuwa swichi ya kila siku. Vidhibiti vya mikono miwili, ambavyo lazima vibonyezwe vyote pamoja ndipo mashine itembee, humlinda yule tu anayevishika. Msaidizi aliyeshika upande wa pili wa bomba hana kinga yoyote, na ni yeye anayesimama ndani ya eneo ambalo ncha ndefu ya bomba hulifagia linapozunguka. Eneo hilo lichorwe sakafuni na liwekewe uzio kwa urefu wa bomba refu kuliko yote litakalokunjwa.

Kuhusu mafuta, tone linalotoka kwenye mpira wa kupitishia mafuta wenye ufa mdogo lisitafutwe kwa kiganja. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi na kuacha kitundu kisicho na maumivu makubwa mwanzoni, na jeraha hilo ni dharura ya upasuaji hata kama linaonekana dogo. Kipande cha boksi kinatosha kutafutia uvujaji.

Mwenye mashine anatakiwa kuwa na tathmini ya hatari iliyoandikwa, kwa utaratibu wa ISO 12100, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine. Mchoro wa mfumo wa mafuta na wa umeme. Hesabu za pini na fremu. Kumbukumbu ya majaribio yaliyofanywa kwa kupandisha shinikizo hatua kwa hatua. Na maelekezo ya kuifungia mashine wakati wa matengenezo. Kuzima mota hakutoshi kwa matengenezo: swichi kuu ifungwe kwa kufuli binafsi la fundi anayehusika, kibandiko chenye jina lake kitundikwe, shinikizo lililobaki kwenye silinda liondolewe, na geji isomwe kabla mkono haujaingia.

Mkaguzi wa kazi, kwa mujibu wa Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1947, anaweza kuingia mahali pa kazi panapokaguliwa bila taarifa, mchana au usiku. Akikuta kasoro anaweza kuagiza irekebishwe ndani ya muda uliotajwa. Akikuta hatari ya papo hapo, anaweza kuagiza hatua zinazotekelezwa mara moja. Kuendelea kuitumia mashine iliyosimamishwa ni kosa linalojitegemea, tofauti na kasoro yenyewe, na huadhibiwa kwa viwango vya sheria ya nchi husika. Mfanyakazi naye hatakiwi kuondoa kinga, wala mwajiri hawezi kumlazimisha afanye kazi bila kinga hizo. Mashine ikiuzwa, kukodishwa au kuazimwa, nyaraka zote ziende nayo, pamoja na kiwango ambacho vali ya usalama ilifungiwa lakiri.