Elimu kwa Umma: Anayejitolea Kulinda Kisiwa Chake ni Askari au Raia?

Kila inapokaribia Agosti 12, siku ya kukumbuka Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, maswali kwa kitengo chetu huongezeka. Safari hii linalojirudia ni moja: mwanamgambo akikamatwa vitani ana haki gani? Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari, kwamba hana, kwa kuwa si mwanajeshi kamili. Hilo si kweli.

Nachukua mfano wa Kikosi cha Ulinzi cha Visiwa vya Falkland, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Uingereza ndiyo inayovitawala visiwa hivyo. Argentina inavidai na kuviita Malvinas. Taasisi yetu haina upande katika mgogoro huo. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1892. Walio ndani yake ni wakazi wenye kazi zao nyingine, na gharama zake hubebwa na serikali ya visiwa vyenyewe.

Jioni ya Aprili 1, 1982, Gavana Rex Hunt alizungumza redioni. Aliwaeleza wakazi, ambao wote kwa pamoja hawakufika 2,000, kwamba uvamizi wa Argentina unatarajiwa, akawataka wanakikosi wafike haraka kwenye ukumbi wao wa gwaride mjini Stanley. Hebu mfikirie mtu aliyekuwa sebuleni na familia yake, anasikia tangazo lile, anainuka kwenda kuvaa sare. Waliofika walizidi 20 kidogo tu. Walikabidhiwa bunduki, wakatumwa kulinda sehemu muhimu za mji, kama mitambo ya simu na redio. Asubuhi, baada ya askari wa majini wa Uingereza kupambana na wavamizi waliowazidi mno kwa idadi, Gavana aliamuru silaha ziwekwe chini. Zikawekwa.

Naulizwa mara kwa mara kwa nini "walikimbia". Hawakukimbia. Walikaa walikopangwa usiku kucha, na walipoamriwa kuacha, wakaacha. Kutii amri namna hiyo ndiko kunakomtofautisha mwanakikosi na mtu aliyejiokotea bunduki, na inasikitisha kwamba jambo hili bado linahitaji kuelezwa.

Tuje kwenye utaratibu wenyewe. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva, unaohusu wafungwa wa vita, inawaweka wanamgambo na valantia walio sehemu ya majeshi ya nchi katika fungu moja na wanajeshi wenyewe. Wakikamatwa, ni wafungwa wa vita. Vikundi vingine vya kujitolea navyo hupata hadhi hiyo vikitimiza masharti 4: viwe na mkuu anayewajibika kwa walio chini yake, viwe na alama ya kudumu inayoonekana kwa mbali, vibebe silaha waziwazi, na vifuate sheria na desturi za vita. Kukiwa na shaka kuhusu hadhi ya mtu, Ibara ya 5 inataka alindwe kama mfungwa wa vita hadi chombo chenye mamlaka kiamue. Akihojiwa, analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake, basi. Hawezi kushtakiwa kwa sababu tu alipigana. Anaweza kushtakiwa kwa uhalifu wa kivita.

Raia anayeingia vitani kivyake hali yake ni nyingine kabisa. Kwa muda anaoshiriki mapigano anaweza kushambuliwa kihalali, na akikamatwa anaweza kushtakiwa chini ya sheria za kawaida za jinai, hata kwa mauaji. Haki ya kesi ya haki anabaki nayo.

Tafadhali pia tuache kumwita mfungwa wa vita "mateka". Mateka ni mtu anayeshikiliwa ili upande wa pili ushinikizwe kutenda jambo fulani, na kumshika ni kosa chini ya mikataba hii. Vyombo vya habari vinachanganya maneno haya kila siku, na familia za askari ndizo zinazoumia kwa kutojua ndugu yao ana haki gani.

Wanakikosi wa Stanley walinyang'anywa silaha, wakarudishwa majumbani. Wiki chache baadaye baadhi yao walichukuliwa pamoja na wakazi wengine hadi Fox Bay, katika kisiwa cha magharibi, wakawekwa kizuizini nyumbani mwa mwenyeji. Ibara ya 78 ya Mkataba wa Nne, unaohusu raia, inaruhusu kumpangia raia mahali pa kukaa kwa sababu za lazima za usalama, lakini lazima apewe haki ya kukata rufaa, na uamuzi upitiwe upya, ikiwezekana kila miezi 6. Waliokuwa Fox Bay walitoka katikati ya Juni, vita vilipokwisha. Kikosi kilifufuliwa mwaka 1983, na wakazi wa Stanley wanaendelea kujitolea ndani yake hadi leo, wakiwemo wanaosaidia doria za uvuvi na kuwatafuta waliopotea.