Kiwanja cha kampuni si chako, hata kama hisa zote ni zako

Mabishano mengi kuhusu makampuni, ya wanaoyaita manyonyaji na ya wanaoyaona mkombozi wa ajira, hukwama mahali pamoja: watu husahau kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu. Ina jina lake, namba yake ya mlipakodi, mali zake na madeni yake.

"Kampuni ni yangu, kwa hiyo gari na kiwanja ni vyangu"

Chako ni hisa. Gari na kiwanja ni vya kampuni. Bwana Macaura wa Ireland ya Kaskazini aliliona hilo kwa uchungu. Aliiuzia kampuni yake mbao, akalipwa kwa hisa, kisha akakata bima ya moto kwa jina lake mwenyewe. Mbao zikaungua. Mwaka 1925 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema bima haimlipi, kwa sababu mbao hazikuwa zake tena, ingawa kampuni ilikuwa yake tupu. Kanuni hiyo ilikuwa imeshawekwa mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, na ndiyo inayofuatwa Tanzania na Kenya hadi leo.

Kwa hiyo angalia jina kwenye bima, kwenye kadi ya gari na kwenye hati. Mwenye hisa akifariki, warithi wanagawana hisa. Hati ya kiwanja inabaki na jina lilelile. Na ukichota 2,000,000 kwenye akaunti ya kampuni ukalipa ada ya mtoto, mhasibu lazima aziandike mahali: ama ni mshahara, ukatwe PAYE (kodi ya mshahara), ama ni gawio (mgao wa faida kwa wenye hisa), likatwe kodi ya zuio, ama ni mkopo kwa mkurugenzi, urudishwe. Zisipoandikwa popote, mkaguzi wa kodi atazichagulia jina mwenyewe, na huwa hachagui lililo nafuu.

Jina la biashara ni habari nyingine kabisa. Unaweza kulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, ukatundika cheti ukutani, lakini halizai mtu mpya. Deni la duka ni deni lako.

"Kampuni ikifilisika, mwenye hisa hadaiwi kitu"

Hadaiwi zaidi ya alichoahidi. Tuseme umechukua hisa 1,000 za shilingi 10,000 kila moja, yaani milioni 10, ukalipa milioni 4 tu. Mfilisi, yaani anayekusanya mali za kampuni iliyofilisika ili alipe wadai, akija, ana haki ya kukudai milioni 6 zilizobaki. Wengi huandika mtaji mkubwa kwenye fomu ili waonekane wazito kwenye zabuni, wakasahau kwamba hiyo ni ahadi. Tena benki inajua sheria hii kuliko wewe: kampuni changa ikiomba mkopo, wakurugenzi husainishwa dhamana binafsi, na hapo kinga ya kutodaiwa zaidi ya ulichoahidi imekwisha kwa deni hilo. Mkurugenzi aliyeendesha biashara kwa nia ya kuwatapeli wadai naye anaweza kuamriwa alipe kutoka mfukoni.

"Sheria inailazimisha kampuni itafute faida tu"

Hapana. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi aitakie kampuni mafanikio kwa faida ya wanachama wake, huku akizingatia matokeo ya muda mrefu, wafanyakazi, wasambazaji, wateja, jamii na mazingira. Faida imo, ila haiko peke yake. Udhaifu wake ni kwamba jirani anayevuta moshi wa kiwanda hawezi kumshtaki mkurugenzi kwa kifungu hicho. Wajibu ule ni kwa kampuni. Jirani atakimbilia sheria za mazingira.

"Ukinunua hisa sokoni, unaipa kampuni mtaji"

Mara nyingi unampa pesa mwenye hisa mwenzako anayeuza. Hata uuzaji wa kwanza unaweza kuwa hivyo. Mwaka 2008 Wakenya walipanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5. Ziliuzwa hisa bilioni 10, sawa na asilimia 25 ya kampuni, lakini muuzaji alikuwa Serikali, na pesa zilikwenda Hazina. Kampuni hupata mtaji inapotoa hisa mpya. Kabla ya kununua, fungua waraka wa matarajio (unaoeleza hisa zinazouzwa) usome sehemu ya matumizi ya fedha, uone nani anapokea.

"Kampuni yenye faida haiwezi kufa"

Hufa, na huua wasambazaji wake. Chukua kampuni ya Tanzania iliyonunua bidhaa za milioni 70 taslimu, ikaziuza kwa milioni 100 kwa mkopo wa siku 90. Faida milioni 30, kwenye karatasi. Kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, imelipa milioni 82.6 kununua. Ankara yake ina VAT ya milioni 18, ikitoa 12.6 iliyokwisha kulipa, inabaki 5.4, na inatakiwa kulipwa kwa mamlaka ya kodi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Milioni 88 zimetoka kabla ya mteja kulipa hata senti, na mishahara ya mwezi wa pili bado.

"Kampuni fulani imelipa kodi mabilioni"

Uliza ni kodi ipi. VAT imetoka kwa mnunuzi, PAYE imetoka kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kampuni imezikusanya na kuziwasilisha tu. Kodi yake yenyewe ni ile ya asilimia 30 ya faida. Fungua hesabu zilizokaguliwa, tafuta mstari wa kodi ya mapato chini ya faida kabla ya kodi. Matangazo ya gazetini hupenda kujumlisha zote.